Kipande Ndani ya Kopo la Sukari

Kila jioni saa kumi na mbili, Simeon Kagwe, mpishi katika shamba la kahawa nje ya Ruiru, alitia donge la barafu katika glasi ya bwana mkubwa, Mzungu mwenye shamba, na kila asubuhi alilikuta donge lile lile, pembe zake zikiwa kali. Aliosha glasi, akalirudisha. Sebuleni gogo moja lilikuwa likiwaka tangu Pasaka, na maua ya mezani yalikuwa yale ya mwaka wa 1954, ingawa 1955 ulikuwa umefika katikati.

Kule bondeni, kwenye kambi ya wafanyakazi, mabati yalishika kutu kwa siku nne na sabuni iliisha kwa shati moja. Ugali uliota ukungu kabla sala haijafika mwisho. Kagwe, mzee wa kanisa, alijifunza kusema "Bwana, asante, amina" na kumega haraka. Hilo lilimuuma kuliko njaa.

Sasa kipande chake, kitambulisho alichopaswa kubeba popote, kilikuwa kinafifia maandishi. Jumatatu jina la baba yake liliondoka, Jumanne muhuri. Jumamosi kungekuwa na msako, na siku hizo Mkikuyu asiye na kipande alipandishwa lori, akaenda kizuizini bila tarehe ya kurudi.

"Baba Ngendo, si ukiandike upya?" alisema mkewe, Njambi, mtoto mgongoni.

"Niuchore muhuri wa serikali kwa mkono wangu? Unataka ninyongwe?"

Jumatano alasiri alikwenda darasa la watu wazima, kanisani Ruiru. Mwalimu Opiyo, ambaye siku nyingine alichanganya dawa katika kiwanda cha ngozi huko Thika, alichoma karatasi kwenye sahani.

"Kuni huwa majivu zenyewe," alisema. "Majivu hayarudi kuwa kuni yenyewe. Mkiona mahali vitu havichakai, jueni kuna pengine panapochakaa mara mbili ili pale pakae sawa."

Kagwe aliinua mkono. "Na wale wa pengine, mwalimu, huwa wanaulizwa kwanza?"

"Mzee Kagwe, hilo halimo kitabuni." Akafuta ubao.

Kagwe aliandika yote. Alipofika kambini daftari lilikuwa jeupe, lakini maneno alikuwa ameyashika. Jioni ile, akiwa kazini, aliomba kwanza, kisha akaficha kipande ndani ya kopo la sukari la bwana mkubwa, akashuka mikono mitupu, akimpita getini homgadi, askari Mwafrika wa serikali, bila kitambulisho.

Alhamisi muhuri ulikuwa umerudi. Ijumaa jina la baba yake lilirudi, wino ukiwa mbichi.

Ijumaa hiyo hiyo jirani yake, Mburu, alimwonyesha karatasi isiyo na alama hata moja.

"Vyenu vinafifia polepole," alisema Mburu. "Changu kimekimbia kwa siku mbili. Wewe unayesoma, kuna nini?"

"Nitakuombea," alisema Kagwe.

Alipiga magoti hadi yakafa ganzi. Maneno hayakuja. Alimtazama mwanawe Ngendo akilala, akaliacha kopo lilivyokuwa.

Jumamosi asubuhi alikichukua kipande, akasimama kwenye mstari. Homgadi alitazama picha, akamtazama yeye. Katika picha makunyanzi yalikuwa yameondoka na mashavu yamejaa.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, afande."

"Wewe? Huyu ameshiba. Na kipande cha mwaka jana kinanukia wino? Ni cha bandia. Panda!"

Ndani ya lori Mburu alisogea ampe nafasi. Njia yote hadi Thika Kagwe alimweleza habari ya kopo, bila kuficha kitu. Mburu alisikiliza hadi mwisho.

"Ungeniambia," alisema, "tungeviweka vyote viwili."

"Halafu kingefutika cha nani?"



Saa kumi na mbili jioni mpishi mpya alitia donge la barafu katika glasi. Asubuhi alilikuta zima. Aliosha glasi, akalirudisha.