Mungwana Ndani ya Mtumbwi

Anselme ameamka na homa! Habari hiyo ilimkuta Honorine ukingoni mwa mto, wapinzani wao wa shule ya misheni wakiwa tayari wanaimba matusi. Anselme ndiye aliyekuwa akigonga ubavu wa mtumbwi ili makasia yaende pamoja. Bila yeye, mashindano yalikuwa yamekwisha.

"Tumwite Madina," alisema Alexis. "Kwenye arusi za kwao anapiga ngoma mpaka wazee wanacheza."

"Mungwana, Mwislamu yule? Jamais, kamwe!" Georgette aliruka. "Si alikataa kuku yetu, kama vile tunanuka?"

Kwao Honorine, wavuvi wa Kigenya wa maporomoko, wapiga kasia hula kwanza pamoja sahani moja kabla ya kuingia majini. Siku ya mazoezi, Madina aliporudisha mkono mbele ya kuku, Honorine mwenyewe ndiye aliyemfukuza. Lakini mwaka ule wa hamsini na tano shule yao ilikuwa mpya, Wakristo na Waislamu darasa moja, na Stanleyville nzima ilicheka kwamba watoto wa namna hiyo hawatafika popote. Leo wangefika! Honorine akakimbia hadi kwa Madina, aliyesimama peke yake kati ya watazamaji.

"Madina, dada, kuja utupigie. Lakini utakula na sisi?"

"Munakula nini?"

"Samaki. Imetoka motoni sasa hivi."

Madina akacheka. "Bon, leta! Ile kuku yenu, nani aliichinja? Kwetu lazima Mwislamu achinje. Samaki haichinjwi, miye nakula mpaka kichwa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Uliniuliza? Ulinifukuza tu."

Uso wa Honorine uliwaka moto. "Nilikosa, dada."

Wakakimbia hadi kwenye sahani ya wenzao; Madina akanyakua kichwa cha samaki, akakifyonza mpaka Georgette akapiga kelele, "Aa, huyu atatumalizia!"

Wakasukuma mtumbwi majini.

"Muteremushe Mungwana!" walizomea wa misheni.

Madina aliwajibu kwa vijiti viwili kwenye ubavu wa mtumbwi: ko! ko! koko-ko! Makasia yakazama pamoja, yakatoka pamoja, mtumbwi ukaruka kama umechomwa! Wa misheni walikuwa mbele. Honorine akataka kuharakisha. "Bado!" alifoka Madina. Wakabanana ubavu kwa ubavu, maji yakiwapiga machoni, ukingo mzima ukinguruma. "Sasa!" Vijiti vikakimbia, mikono ikavifuata, pua ya mtumbwi wao ikapita, ikapita, ikawa ya kwanza kuchoma mchanga!

Georgette, yule yule wa jamais, alimrukia Madina shingoni. Wote wawili wakaanguka majini chubwi, na Honorine akajitupa juu yao na nguo zake zote.