Ugoro wa Bibi Nyamizi

Hivi wewe umewahi kuona ugoro ukiingia nyumba ya watu bila kupiga hodi? Mimi nimeuona, kwetu Masumbwe, kiangazi cha mwaka sitini na nane.

Siku hiyo nilikuwa naposwa. Mposaji ni Donatus, mgane mwenye ng'ombe wengi na meno machache. Moyo wangu ulikuwa kwa Eustace, fundi baiskeli wa sokoni, lakini nani aniulize? Mshenga alikuwa Mzee Otmar, katekista, mtu ambaye hata kuaga humchukua saa nzima.

Wao wamekaa sebuleni na Baba na Bibi, mlango wazi. Mimi niko uani, nasaga ugoro wa bibi yangu Nyamizi juu ya jiwe. Tumbaku kavu na magadi, kisha unachekecha mara tatu mpaka uwe laini kuliko unga wa muhogo. Msagaji hujifunga kanga puani na mdomoni, la sivyo atajuta.

Baba akaita, "Apolonia, umewasikia wageni. Unasemaje?"

Nikavuta pumzi. Otmar akadakia, "Kimya chake ni ndiyo, Baba Silvesta! Binti mwenye adabu hajibu."

Baba akauliza tena. Otmar akanijibia tena.

"Basi nauliza mara ya mwisho," Baba akasema.

Ndipo kikaja kisulisuli.

Upepo wa kupepetea mtama una adabu: unashika njia moja, na pumba unajua zitaangukia wapi. Kisulisuli ni mlevi. Kilizoa ungo mzima wa ugoro. Chenga nzito zilidondoka palepale miguuni pangu, lakini ule unga laini ukapanda, ukageuka, ukapita mlangoni, ukagonga ukuta, ukarudi kuwatafuta waliobaki. Aliyekimbilia nyuma ya mlango ulimkuta. Aliyejifunika kofia ulimwingilia kwa chini.

Baba chafya. Donatus chafya, na jino moja likaruka. Otmar alipiga ya mbele, na nyuma nako kukaitikia.

"Yesu na Mari—" akaanza. Hakumaliza.

Bibi Nyamizi peke yake alitulia, pua yake ilishazoea. "Mnanimalizia ugoro wangu bure, nyie!"

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mshenga hakuwa na neno. Nikasimama mlangoni, kanga yangu puani, nikapaza sauti:

"Baba, simtaki Donatus. Namtaka Eustace."