Kiti cha Mbele cha Kizunguzungu

Watu wa Nachingwea wakikusifia Kizunguzungu, wewe cheka tu. Ulikuwa mtambo gani ule? Nguzo moja katikati, mikono ya chuma iliyochomelewa nyuma ya gereji, viti vya plastiki vinavyoning'inia kwa minyororo, viwili viwili, na injini ya mashine ya kusaga iliyokohoa moshi kutwa nzima. Mwendo wake, hata kuku angeupita. Lakini ngoja sikukuu ifike! Wazee, watoto, walimu, makarani wa halmashauri, wanunuzi wa korosho na vitambi vyao, wote wamo kwenye foleni, na hakuna hata mmoja aliyefuata kuzungushwa.

Walifuata maneno. Mwenye mtambo, Methodius, alikuwa Mngoni wa Songea aliyekuja kununua ufuta, ufuta ukamshinda, akabaki na mdomo wake. Alisimama juu ya kreti la soda, maikrofoni mkononi, na kila kiti kilipopita mbele yake alimtupia aliyekaa neno. Ukitupiwa huna nafasi ya kujibu, mtambo umeshakuchukua. Unazunguka na jibu lako mdomoni, na watu wote chini wanakusubiri urudi ulitoe. Utamu ulikuwa hapo. Vijana wanaonunua mitambo ya bei mbaya hawalijui hilo, wanadhani binadamu anapenda kasi.

Kiti cha mbele, kile chekundu, kilikuwa cha Rukaiya. Rukaiya ni Mmwera, na Mmwera na Mngoni ni watani tangu babu zao walipokuwa wanafukuzana maporini. Kazi yake kila sikukuu ilikuwa moja tu, kukaa pale na kujibu.

"Babu zenu walivyotuona walikimbia mpaka wakasahau vyungu motoni!" Methodius anapaza sauti.

Rukaiya anakwenda zake na kiti, anapotea upande wa pili, anarudi mkono kiunoni. "Na ninyi kwa njaa zenu mkala mpaka vyungu!"

Watu hoi. Wengine wanakaa chini kabisa kwa kucheka, na waliokwisha shuka wanakata tiketi tena.

Methodius alimwita Rukaiya mtani, naye Rukaiya akamwita mtani. Walikuwa wameshazoeana kama mtu na dada yake. Ndiyo maana siku Bakary alipopiga simu, mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa Methodius, na laiti Rukaiya angejua, angekwenda kuiambia ile injini.

Bakary alikuwa mume wa Rukaiya. Alikwenda Dar kutafuta maisha, akamwacha mkewe kwa mama yake, Bi Hadija, katika nyumba ile ya pembeni ya mji yenye mikorosho nyuma. Kumbe maisha aliyoyatafuta yalikuwa na mwanamke ndani yake. Akapiga simu mchana kweupe, katikati ya kazi, akatamka talaka, akakata. Hata "habari za mama" hakuuliza. Rukaiya akaenda kujificha nyuma ya mtambo, na Methodius alipomfuata akamkuta amekaa chini analia, amejiziba mdomo kwa khanga.

"Usimwambie mtu," Rukaiya alisema. "Mama ana presha. Bakary ndiye mwanawe pekee. Na mimi sina mtoto, sina baba, sina mama. Nikishaachwa, pale nyumbani nakaa kama nani?"

Nyumba aliitaka, tusidanganyane. Lakini Rukaiya alimpenda yule mama, wallahi alimpenda, maana ndiye aliyemfundisha kuita mtu mama. Methodius akashika msalaba wake shingoni, akaapa kwa mama yake aliyezikwa Peramiho. "Mtani, hili halipandi kwenye spika. Likipanda, mimi si mtu."

Kisha Idd ikafika. Bi Hadija akakaa mlangoni tangu asubuhi, macho barabarani, anamngoja mwanawe ambaye hata salamu hakuleta. Rukaiya akashindwa kuvumilia. Akaenda dukani, akanunua doti ya khanga, nyekundu na kijani, akarudi nayo anacheka kinafiki. "Mama, Bakary kaituma kwa dereva wa basi. Anakusalimia sana, anasema kazi zimembana." Bi Hadija akaipokea kwa mikono miwili, akaibusu, akalia. Sasa hapo wewe ungeirudishaje? Rukaiya hakuweza. Kila sikukuu iliyofuata alinunua nyingine, na kila khanga ikaja na salamu zake, tena tamu tamu, maana mtunzi alikuwa hodari wa maneno. Na hilo pia, Methodius peke yake ndiye aliyeambiwa.

Mwaka huu Idd mosi walifunga mtambo Nachingwea, Idd pili wakahamia Ruangwa. Bi Hadija naye akasema anakwenda, ana mdogo wake Nanganga wa kumwona, na apitie hapo hapo kuuona huo mtambo anaousikia. Akavaa khanga mpya ya Bakary. Akawaonyesha abiria wote garini. "Mwanangu huyo. Wenzie wakifika Dar wanasahau, yeye hapana."

Rukaiya alitazama dirishani mpaka wakafika.

Walipoingia uwanjani, Methodius akashusha pumzi kama mtu aliyepigwa. Ng'ambo ya uwanja mtu wa Dar alikuwa ameshatandaza mtambo wake, Ndege, wenye viti vya umbo la ndege, taa za rangi hata mchana, na muziki wa kupasua masikio. Ruangwa siku hizi ina watu na ina pesa, na watu wote na pesa zao walikuwa kule. Kizunguzungu kikaanza na watoto wachache wa kuhesabika. Methodius akapanda kwenye kreti, akatupa la vyungu. Watoto wakaitikia jibu kwa pamoja kabla hata Rukaiya hajarudi. Wanalijua. Akatupa la pili, wakalijua nalo. Kijana mmoja akamwambia, "Mzee, badilisha kanda," akaondoka kwenda kwenye Ndege.

Mchana ukasogea. Rukaiya akamwona Methodius anafuta jasho kwa mkono wa shati, macho yanahangaika kama ya mtu anayetafuta kitu cha kuuza ndani ya nyumba tupu. Akamhurumia, mjinga wa watu! Akamfuata Bi Hadija pembeni. "Mama, njoo ukae na mimi, watu wakiona mtu mzima amepanda watasogea." Bi Hadija akacheka, akakataa kidogo kwa heshima, akapanda. Akakaa kiti cha pembeni ya kile chekundu, akajifunga khanga yake vizuri, akashika mnyororo kwa mikono yote miwili. Mtambo ukaanza kuzunguka.

"Jamani Ruangwa!" Methodius akapaza sauti. Ilikuwa sauti nyingine, Rukaiya hakuwahi kuisikia. "Mnamwona Mmwera huyu alivyojikalia kama bibi harusi? Kaachwa! Kaachwa kwa simu! Na kila Idd anakwenda dukani kwa miguu yake, ananunua khanga, anampelekea mkwewe, ati mwanao kakutumia!"

Kicheko kilicholipuka hapo, hakijawahi kusikika uwanja ule. Hata waliokuwa kwenye Ndege wakageuza shingo. Na kiti kikambeba Rukaiya, kikampeleka upande wa pili, taratibu, kwa mwendo ule ule wa kuku.

Hakuna pa kushukia. Alichokisikia ni mnyororo tu unavyolia, na Bi Hadija pembeni yake.

"Rukaiya. Anasema nini yule?"

Rukaiya akakaza macho kwenye mnyororo.

"Anamsema nani?"

Kiti kikarudi mbele. Watu wakanyamaza ghafla, midomo wazi, wakingoja jibu la Mmwera. Siku zote alikuwa nalo. Rukaiya akamtazama Methodius usoni, na Methodius akatazama pembeni.

"Mtani, simamisha mtambo," alisema. "Nakuomba."

Watu wakaangua kicheko upya. Walidhani ndiyo mchezo wenyewe.

"Asimamishe nani?" Methodius akajibu kwenye spika. "Wakati ndiyo kwanza umenoga!"

Wakazunguka tena, na tena, na kila walipopita watu walikuwa wameongezeka. Bi Hadija hakuuliza tena. Alikuwa ameachia mnyororo kwa mkono mmoja, anafungua khanga.

Mtambo uliposimama aliteremka peke yake, akakataa kushikwa mkono. Akatembea mpaka kwenye ukuta wa uwanja, gauni lake la ndani la kazi za nyumbani linaonekana na watu wote, na Rukaiya nyuma yake.

"Hii nani alinunua?"

"Mimi, mama."

"Na zile nyingine?"

"Mimi."

"Na salamu?" Akaikunjua khanga mbele yake. "Ile aliyosema ananiota? Ile aliyosema anatamani uji wangu?"

Rukaiya akaanza kulia. "Nilitunga mimi, mama. Niliogopa. Niliogopa ungeumia, na niliogopa ungeniondoa."

Bi Hadija alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Mngoni ulimwambia," alisema. "Mimi nikakaa na wewe, nikala na wewe, ukaniuguza ukinipaka mafuta miguuni, hukuniambia. Watu wa Ruangwa wote wamejua habari za mwanangu siku moja na mimi."

Akamtupia ile khanga kifuani, wala hakuitupa kwa nguvu.

"Nakwenda kwa mdogo wangu Nanganga. Wewe nenda nyumbani, chukua vilivyo vyako. Ufunguo mwachie jirani."

Akaondoka na gauni lake, mzee wa watu, akipita katikati ya watu waliokuwa wanamnyooshea vidole. Rukaiya alitaka kumkimbilia amfunike, akabaki ameikumbatia khanga.

Akasikia anaguswa bega. Methodius. Uso umemng'aa, shati limelowa, pumzi juu juu.

"Mtani, umeona? Foleni imefika barabarani! Ndege kule hakuna hata inzi." Akamtazama vizuri, akashusha sauti. "Usinune basi. Kwenye utani hakuna kununa, unajua mwenyewe. Hata hivyo ingejulikana tu siku moja." Akasita, halafu akashindwa kujizuia. "Kesho uje naye tena yule bibi. Watu wanamuulizia."

Hapo ndipo Rukaiya alipolipata jibu. Lilichelewa, lakini lilikuja.

"Methodius," alisema. Tangu wafahamiane hakuwahi kumwita hivyo, na mwanamume yule akarudi nyuma hatua. "Bakary alinitupa kwa simu kwa sababu hakuweza kunitazama. Mimi nakuacha nakutazama. Utani wetu umeisha leo. Ukifa sitakuja kukucheka msibani kama watani wafanyavyo, nitapita njia kama mtu asiyekujua."

Macho ya Methodius yakajaa maji. Rukaiya aliyaona yale maji. Akaikunja khanga, akaiweka kwapani, akaondoka kuelekea barabarani kutafuta gari la Nachingwea.

Alikuwa anamuuliza kondakta kama kuna nafasi ndipo spika ilipokohoa nyuma yake.

"Jamani Ruangwa, mmesikia makubwa? Yule aliyeachwa kwa simu, na mimi kaniacha sasa hivi! Tena uso kwa uso!"

Uwanja mzima ukacheka. Kondakta naye akacheka, akamwuliza dada unakwenda wapi. Rukaiya akamwambia Nachingwea, akapanda, akakaa kiti cha nyuma kabisa.