Ndara za Gundi

Dobi alikuwa akipiga pasi shati la watu huku masikio yakiwa mlangoni. Tangu mlima uporomoke na kufukia mtaa wao, hakuwa na utulivu hata wa kumaliza kola. Darasa la shule walimohifadhiwa manusura lilitakiwa na wanafunzi Jumatatu, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kugawa vyumba vipya. Wajane kwanza, walitangaziwa. Naye alikuwa mjane, ila maiti ya mumewe, fundi viatu waliyemwita Gundi, haikupatikana.

"Jana nimemwona tena," alisema msusi, jirani yake. "Kasimama juu ya tope, miguu mitupu. Fundi viatu mzima, miguu mitupu!"

"Hukumsalimia?"

"Mwenzangu, nilitimua mbio hadi kilemba kikaanguka."

Dobi alicheka, kisha wivu ukamchoma. Mtaa mzima umemwona Gundi. Yeye mkewe hajaona hata kivuli. Na hiyo miguu mitupu, sababu alikuwa anaijua. Asubuhi ile ya maporomoko alitoka haraka kuchota maji akavaa ndara za mumewe, na mpaka leo alikuwa akiziburuta, kubwa kama zilivyo.

Wakaongozana hadi ofisi ya kugawa vyumba. Foleni ilifika nje. Zamu yake ilipofika, karani hakuinua macho.

"Cheti cha kifo?"

"Mwili umefukiwa, bwana karani. Cheti nitakitoa wapi?"

"Basi hajafa. Nimeulizia huko kwenu, watu kibao wanasema wamemwona."

"Wameona mzuka!"

"Serikali haitambui mizuka, mama. Aliyeonekana yu hai. Wewe una mume, ngoja awamu ya wenye waume."

"Lini?"

"Tutatangaza."

"Mbona blanketi lake mlininyima, mkasema marehemu hasikii baridi?"

"Hiyo idara nyingine. Anayefuata!"

Hasira zilimpanda Dobi hata machozi yakakosa nafasi. Akavua ndara, akazipanga mbele ya meza, ncha zikimwelekea karani.

"Anayefuata ni yeye. Muulize mwenyewe kama yu hai." Akasogea pembeni, pekupeku juu ya saruji.

"Anayefuata!" karani akarudia.

Msusi, aliyekuwa wa pili, akarudi nyuma hatua moja. Wa nyuma yake wakarudi pia, hadi mbele ya meza pakabaki nafasi ya mtu mmoja.

"Nimesema anayefuata! Hamsikii?"

"Tunasikia," msusi akasema. "Tunamngoja Gundi amalize."

Karani akazitazama zile ndara, kisha taratibu akasogeza kiti chake nyuma.