Pale Alipokuwa Anaacha Kusoma

Madereva wa malori ya pamba wana magonjwa mawili: mgongo na muziki. Stanslaus Burito aliugua ule wa kwanza tu. Wenzake walipita njia ya Bunda na Musoma huku spika zikitikisa vioo. Yeye alisikiliza riwaya. Tena riwaya ileile, mwaka nenda mwaka rudi, akicheka peke yake kwenye usukani mpaka matrafiki wakamzoea.

Riwaya yenyewe ilikuwa ya juzuu tatu, ya nchi ambayo watu wake wamemuuzia malkia vivuli vyao, na ya binti mfinyanzi anayekwenda kuvidai. Stanslaus na mkewe Marcelina waliisoma mara ya kwanza wakiwa sekondari, wakinyang'anyana zamu, na ndiyo iliyowakutanisha. Wengine hukutanishwa na ngoma. Marcelina hakuwahi kuiacha. Kila likizo ya Desemba aliianza upya, ukurasa wa kwanza. Ukimuuliza anatafuta nini humo na mwisho anaujua, alikuuliza na wewe: "Kwani ugali hujui ladha yake? Mbona kesho utakula tena?"

Stanslaus barabara ilimnyima nafasi ya kushika kitabu. Ndipo Marcelina, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Mwisenge, Musoma mjini, akaanza kumsomea na kumrekodia kwa simu. Alisomea jikoni kwao Kitaji, katikati ya vifuniko vya sufuria na mvua ya bati, kisha akahamishia kwenye memori kadi ya redio ya lori.

Lakini Marcelina hakuwa mtu wa kusoma kurasa mbili bila kutia neno lake. Jeshi la malkia limezingira mji, roho ya msikilizaji iko juu juu, mara anasimama: "Stani, hapa punguza mwendo, najua unavyokuwaga sehemu hii." Au anacheka mpaka anakohoa. Au anamwambia maneno ambayo mke humwambia mume aliye safarini, maneno ya chumbani, bila haya, kwa sauti ileile ya mwalimu anayesoma imla. Stanslaus aliyangoja hayo kuliko vita vyote vya kitabuni.

Marcelina alifariki mwezi wa tatu. Presha, asubuhi alilalamika kichwa, mchana hakuwepo. Tanga lilipoanuliwa, vitu vyake viligawiwa kama desturi ilivyo, na simu ikaenda kwa mdogo wake Esta, ikiwa imeshafutwa kila kitu. Kadi ilikuwa kwenye lori. Hakuna aliyeikumbuka, na Stanslaus hakumkumbusha mtu.

Tangu hapo aliendesha na mkewe pembeni. Alilia, ndiyo, dereva mzima mwenye ndevu, lakini kilikuwa kilio cha mtu ambaye bado anasemeshwa. Akifika mwisho wa juzuu ya tatu, alirudi mwanzo.

Kisha Esta akapiga simu kutoka Butiama.

"Shemeji, mama ana ombi. Nimekumbuka dada alikuwa anakurekodia, nikamwambia una sauti yake kwenye gari. Anasema hawezi kufa bila kuisikia."

Hapo Stanslaus akabanwa. Kwao mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kula sahani moja na mama mkwe wake, wala kumpa mkono. Wakikutana njiani, yeye aliingia majanini mpaka mama apite. Leo ampelekee ndani ya nyumba yake maneno ya kitandani ya binti yake? Heri lori lipinduke. Na kukataa je? Mama anaomba sauti ya mtoto aliyemzaa. Hilo nalo lilikuwa haliwezekani.

Akaamua kuyaondoa. Siku lori liliposimama Bunda kungoja kupakia, aliichomoa kadi akaenda kwa Twalha, fundi simu wa karibu na stendi, kijana wa Kiislamu mwenye adabu zake. Walikaa mbele ya kompyuta. Kila Marcelina alipoacha kitabu na kuanza kumsemesha mumewe, Stanslaus aliinua kidole na kusema, "Kata." Twalha alikata huku ameinamisha macho, kwa kuwa maneno mengine hayakumhusu. Vicheko navyo vikakatwa, maana vilikuwa vicheko vya mtu na mumewe.

"Kaka, tayari. Sasa ni kitabu kitupu," alisema Twalha.

"Na vile vipande? Nitilie kwenye kadi nyingine."

"Vipande gani?"

"Si hivyo ulivyokata."

Twalha akamtazama. "Kaka, umesema kata. Nimekata humohumo kwenye kadi, nikasevu. Havipo tena."

Stanslaus alidhani ni kama kwa fundi cherehani: kitambaa kikikatwa, kipande kinabaki mezani. Twalha alihangaika kuvirudisha, akajaribu programu hii na ile mpaka adhana ya alasiri ikamkuta palepale, jasho linamtoka. Hakikurudi hata kikohozi. Stanslaus hakumlaumu. Alirudi kwenye lori akafunga vioo, akalia kilio ambacho hakulia hata kaburini, maana kaburini alikuwa bado amebakiwa na kitu.

Butiama alikwenda hivyohivyo. Ahadi ni deni. Walimwekea kigoda nje, nyuma ya nyumba, chini ya dirisha. Mama mkwe alikaa ndani na Esta. Spika ikawekwa dirishani, katikati yao.

Marcelina akaanza kusoma. Binti mfinyanzi akatoka kwao na chungu kichwani, akaingia nchi isiyo na vivuli. Sauti ilikuwa ileile, ya kuamrisha kidogo. Ila ilikwenda moja kwa moja, bila kusimama. Stanslaus alipajua kila mahali palipokuwa na kicheko. Sasa sentensi imeshonwa kwenye sentensi. Akauma mdomo.

Baada ya muda mrefu mama mkwe alisema na Esta, kama adabu inavyotaka, ingawa nje kila neno lilisikika.

"Muulize mkwe wangu. Huyu ni Marcelina kweli?"

"Ni yeye, mama," Esta akajibu mwenyewe.

"Sauti ni yake. Lakini Marcelina hakuwahi kumaliza jambo bila kuingiza maneno yake. Hata sala ya chakula alikuwaga anaikatisha aseme chumvi imezidi. Muulize, kwake alikuwa haongei? Alikuwa hachekagi?"

Esta akayarudia dirishani. Stanslaus angeweza kudanganya, na ningemsamehe.

"Mwambie mama alikuwa anaongea. Nimeyatoa. Yalikuwa ya mke na mume, nikaona aibu mbele yake."

Spika ikaendelea, Esta akaizima.

"Hayo ndiyo niliyoyataka," mama mkwe alisema. "Nilimtoa mtoto wangu kwa mtu ambaye hata mkono siwezi kumpa. Miaka yote hiyo ningemuuliza nani kama anapendwa huko? Mwambie aniambie hata neno moja alilosema."

Stanslaus aliyakumbuka yote. Yalimjaa kinywani, na hapakuwa na moja ambalo mtu anaweza kumwambia mkwe.

"Mwambie mama alipendwa," akasema. "Na alijua."

Esta akarudia: alipendwa, na alijua.

Mama mkwe akasogea dirishani. Safari hii hakupitisha maneno kwa Esta.

"Nimesikia, baba. Ila nilitaka kulisikia kwa mwanangu."