Usinipapase

Émérance alirudi kutoka Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, Jumanne mchana, kitenge kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi. Hakupitia kwake. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Cadette, msusi wa kijiji cha Wamaza, akaketi bila kusalimia.

"Funga mlango," alisema.

Kibanda hakikuwa na mlango. Cadette alishusha pazia. Émérance alipofungua kitenge, Cadette aliziba mdomo. Misuko aliyomsuka Jumamosi ilikuwa imekatwa kwa kisu, mingine karibu na ngozi, na juu ya sikio la kulia palikuwa na jeraha refu lililoanza kukauka.

"Ni kwenye barieri?"

"Ni pale pale. Wanasema wamama tunaficha dhahabu ndani ya nywele. Walituweka mustari. Kila mumoja wanamuingiza vidole kichwani, wanapapasa, wanacheka. Nikamwambia yule mumoja, mutoto wangu, mimi ninauzisha unga wa muhogo, dhahabu nitaitoa wapi? Akachomoa kisu."

Barieri hiyo, kizuizi cha njiani, ilikuwa kamba tu, imefungwa kwenye miti miwili mahali njia inaposhuka mtoni. Wapiganaji wa Lukumani walikuwa wameishika tangu mvua za kwanza. Lukumani mwenyewe wachache walikuwa wamemwona. Jina lake lilitosha.

"Nyoa yote," Émérance alisema.

Cadette alichukua wembe, kisha akaurudisha. "Nikikunyoa, watu watauliza nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Tulia."

Alisuka nywele zilizobaki kwa mistari myembamba, iliyolala kabisa, ngozi ikionekana katikati, ili mtu yeyote aone kwa macho kwamba hakuna kitu kilichofichwa. Mistari ilianzia kisogoni pamoja, ikaachana ili kulipita jeraha, ikaishia kwenye paji la uso. Hakuwa amepanga kuchora chochote. Alikuwa anakwepa kidonda. Lakini Émérance alipojiangalia kwenye kioo, akigeuza shingo huku na huku, aliifuata mistari kwa ncha ya kidole.

"Ni mukono," alisema. "Angalia. Vidole tano. Unamwambia mutu asimame hapo hapo."

"Basi uupe jina."

Émérance akacheka, mara ya kwanza siku hiyo, na machozi yakamtoka. "Usinipapase."

Wiki hiyo walikuja wanawake watatu wakitaka msuko wa Émérance. Wiki iliyofuata walikuja kumi na moja. Kahindo, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyekuwa akiuza vitenge kwa wachimba dhahabu, alisukwa asubuhi na kuupeleka Salamabila siku hiyo hiyo. Jumapili Cadette aliketi benchi la nyuma kanisani. Mbele yake vitambaa viliteleza wakati wa kuimba, na chini yavyo aliona mikono iliyofunguliwa, kila benchi, yote imeelekea mbele. Alitoka kabla ya sala ya mwisho.

Mume wake Aganze aliendesha pikipiki ya abiria kwenye njia ile. Alimkuta ameketi nyuma ya nyumba, bado amevaa nguo za kanisani.

"Umeona sasa," alisema kwa upole. "Wewe unaandika barua, mama. Lakini wanaoibeba ni wengine. Wanaipitisha mbele ya bunduki, na wewe uko umeketi hapa."

Maneno hayo yalimuuma kwa sababu yalikuwa kweli. Kuanzia Jumatatu aliwaambia wateja kwamba kidole chake kimevimba. Haikusaidia. Walisukana wenyewe, vibaya, vidole vimepinda, misuko mingine ina vidole vinne tu. Msuko ulikuwa umekwisha kutoka mikononi mwake.

Siku ya Alhamisi Aganze alirudi mapema, hana abiria.

"Leo wameuliza," alisema. "Mwanzo walikuwa wanacheka. Halafu mumoja wao akauliza jina la musuko. Wanawake wakanyamaza. Wakauliza nani anayeusuka. Wakanyamaza tu. Wamewaketisha chini kwenye jua mpaka saa tisa."

"Hakuna aliyesema?"

"Hakuna. Lakini Wamaza iko ndogo, Cadette. Wasusi ni wangapi?"

Wasusi walikuwa wawili, na mwenzake alikuwa bibi asiyeona vizuri.

Jumamosi asubuhi pikipiki ilisimama mbele ya kibanda. Mwanamke alishuka, kijana bado, amevaa blauzi mpya na kilemba cha bei. Dereva hakushuka. Alibaki juu ya pikipiki, bunduki imelala mapajani, uso ameuelekeza njiani.

"Ni wewe Mama Cadette?"

Cadette alitaka kusema hapana. "Ndiyo, mama."

"Mimi ninaitwa Yvette. Niko kwa Lukumani, muke wake." Aliketi kwenye kigoda. "Nisuke ule wa mukono."

"Sijui ule unaosema, mama. Ninajua ya kawaida tu."

"Unajua. Hata jina lake nimeambiwa."

Cadette alishusha pazia, ingawa hakujua kama kujificha na yule dereva wa nje ni vizuri au ni vibaya zaidi. Alichukua kitana. Akakipangusa kwenye nguo yake, mara mbili. Yvette hakugeuka. Cadette aliwaza: nikimsuka, nimekubali kwamba ni mimi. Nikikataa, nimekubali pia. Aliwaza juu ya Aganze, ambaye wakati huo alikuwa akikaribia kamba ile na abiria mgongoni.

Alianza kugawa nywele. Ndipo vidole vyake vilipogusa kitu. Nyuma ya sikio palikuwa na uvimbe mgumu. Juu yake, kovu. Juu kidogo, kovu lingine, bichi, na sehemu ya ngozi tupu, upana wa kidole gumba, ambapo nywele zilikuwa zimeng'olewa pamoja na mizizi. Mikono yake ikasimama.

"Endelea," Yvette alisema kwa sauti ya chini kabisa.

"Mama, ukirudi na musuko huu, yeye atakufanya nini?"

"Ataniona nao."

"Atakuua."

"Pengine." Yvette alikuwa anatetemeka, Cadette aliliona hilo kwenye mabega. "Miaka mbili sijasema neno ndani ya ile nyumba. Niko naogopa kusema. Nikifungua mudomo, sauti haitoki. Lakini hii haiombi sauti. Nisuke, yaya. Usiniulize tena."

Alimwita yaya, dada mkubwa, kama mdogo wake wa tumbo moja. Cadette alisuka. Ilichukua saa tatu. Nje, dereva alikohoa, akatema mate, akauliza kama bado, na kila mara wote wawili waliacha kupumua. Alipomaliza, Yvette alifunga kilemba juu ya msuko, akamshika mkono Cadette, akaondoka. Kioo hakukitazama.

Mchana huo huo Cadette alikusanya nguo kwenye beseni, akaenda kwa miguu mpaka shamba la shangazi yake. Aganze alifika huko jioni kwa miguu, pikipiki ameiacha nyumbani. Jumatatu asubuhi Cadette na shangazi yake waliona moshi upande wa kijiji. Watu wa Lukumani walikuwa wamechoma kibanda, wakavunja kioo, wakamkuta Aganze aliyekuwa amerudi alfajiri kuchukua pikipiki. Walimvunja mkono kwa kitako cha bunduki, wakaichukua pikipiki. Walitaka kujua mke wake yuko wapi. Alisema amemfukuza, amekwenda kwao Lusangi. Walimwamini, au walichoka.

Yvette hakuonekana tena. Wengine walisema Lukumani amempeleka kwa wazazi wake ng'ambo ya mto. Wengine walisema walimsikia akipiga kelele Jumapili, kisha hawakumsikia tena. Cadette aliuliza kila msafiri aliyemjua. Hakupata jibu, na sura ya mabega yale yakitetemeka haikumwacha.

Sasa wako Kasongo, kwenye chumba kimoja. Aganze anavunja mawe kwa mkono mmoja na nusu. Cadette anasuka, lakini kwanza humuuliza kila mteja anakwenda njia gani. Akisema Salamabila, humweleza habari yote, ya kibanda, ya pikipiki, ya Yvette, kisha humwacha achague. Wengi huchagua misuko mingine. Cadette hawalaumu.

Mwezi uliopita Émérance alimfikia, amekuja Kasongo kwa gari la mizigo. Walikumbatiana mlangoni.

"Barieri bado iko," Émérance alisema. "Lakini kuna kitu. Tukifika pale, sisi wenyewe tunafungua kitambaa. Wanaangalia. Vidole hawaingizi tena. Unga wanachukua, matusi wanatoa, lakini kichwa hawagusi."

"Kwa sababu gani?"

"Nani atawauliza?" Aliketi chini, akavua kilemba. "Huu niliosukwa na wasichana wa Wamaza umeharibika. Nisuke upya."

"Kesho unapita pale?"

"Kesho kutwa."

"Huogopi?"

"Ninaogopa sana. Hata sasa ninaogopa. Suka."

Cadette alichukua kitana. Alikuwa amegawa mstari wa pili wakati pikipiki iliposimama nje. Émérance alinyoosha mkono, akashika kilemba chake. Mtu alishuka, akasema maneno wasiyoyasikia vizuri, kitu kizito kikawekwa chini. Kisha sauti ya jirani ikaitikia, akilalamika kwamba mawese yamechelewa. Pikipiki ikaondoka.

Ilimchukua Cadette muda mpaka vidole vyake vikaanza kusuka tena.