Posa ya Mwalimu wa Uchumi

Nimepeleka posa nyingi hapa Ujiji, nyingine za wanaume ambao mimi nisingewapa hata paka. Lakini posa ya Mwalimu Polycarp ilinitoa jasho.

Polycarp alitoka Moshi, akaletwa kufundisha uchumi sekondari. Alipanga kwangu, mlango wake ukitazamana na wa Leonia, Mrundi aliyekimbia vita na kanga moja mwilini. Jioni walikaa uani wakichambua dagaa, wakicheka, na mimi nikijifanya sioni. Basi vita vya kwao vikatulia, na mama yake Leonia akaleta salamu kutoka Rumonge: yuko peke yake, nyumba imebaki kuta tupu, anamtaka mwanawe. Leonia akaanza kufunga mizigo. Ndipo mwalimu akanijia kanywea kama kuku aliyenyeshewa, akaniomba niwe mshenga.

Nikamwambia nipe maneno. Akanipa mitaji ya wageni! Ati nimweleze Leonia kwamba wageni huleta fedha Tanzania kufungua migodi na viwanda, na ukitoa zinazoondoka, zinazobaki ni nyingi. Burundi ukipiga hesabu hiyohiyo hubaki kiduchu, na kuna miaka zinazokimbia huzidi zinazoingia. Kwa hiyo abaki huku. Nikamuuliza kama Wachaga ndivyo wanavyoposa. Akasema huo ndio ukweli wa kitaalamu.

Haya, mjumbe hauawi. Nilikwenda nikayasema yote, aibu imenijaa. Leonia alinisikiliza mpaka mwisho, machozi yanamlenga.

"Mama Hadija," akasema, "nchi yake naijua, nimekula chumvi yake. Mwulize yeye mwenyewe anaweka nini. Hao waliokimbia kwetu, mimi ni mmoja wao. Nisiporudi, mama atabaki na nani?"

Nilimpelekea mwalimu majibu, nikamwongezea na yangu: mwanamke anaposwa kwa moyo, haposwi kwa migodi. Usiku ule ugali wake ulilala bila kuguswa.

Siku ya meli mwalimu aliondoka nyumbani alfajiri bila kuaga. Bandarini Leonia kila mara aligeuka kutazama getini, na mimi nilimlaani mwalimu yule kimoyomoyo, maana binti yule nilimpenda kama wa kumzaa. Abiria walikwisha kuanza kupanda nilipoona mkokoteni unakuja, Polycarp anausukuma kwa nyuma, shati limelowa. Juu ya mkokoteni umelala mlango.

Niliujua mlango ule. Ni wa mninga, aliutengenezesha kwa ajili ya nyumba aliyokuwa akijenga Katubuka, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa kabla ya kunawa mikono. Wapagazi walimcheka, wakamuuliza kama anahamisha nyumba kipande kipande. Yeye hata hakuwasikia.

"Umesema nyumba ya mama imebaki kuta," alimwambia Leonia. "Basi mimi naweka huu. Shule zikifungwa nakuja kuupachika."

Leonia aliupapasa ule mlango. Kwenye kitasa palikuwa na funguo mbili zimefungwa kwa uzi. Akaukata uzi kwa meno, ufunguo mmoja akaufunga kwenye pindo la kanga, wa pili akautia kiganjani mwa mwalimu, akakifumba kile kiganja kwa mikono yake yote miwili.

"Wako huo," akasema. "Usije ukapiga hodi kama mgeni."